Kura Ambayo Norbert Hakuiomba

Mara ya kwanza Norbert Jadot alipogombea ubunge wa jimbo, alipata kura kumi na moja katika kata yake ya Saint-Odile, na hata moja kati ya hizo haikutoka kwa mkewe.

Ardelle alikuwa ameingia kituturini saa nne asubuhi, aproni ya kanisani bado kiunoni. Aliitazama karatasi, akaliona jina la mumewe chini kabisa, kwenye mstari wa Chama cha Mashamba Madogo, chama ambacho nusu ya watu wa Wisconsin walikuwa hawajapata kukisikia. Kalamu ikasita. Kisha akajaza duara la mgombea wa wabluu, ambao pamoja na wekundu ndio vyama viwili vikubwa vya nchi, akatumbukiza karatasi sandukuni, akarudi jikoni kwenye ukumbi huohuo kukata pai za plamu ambazo kina mama wa parokia walikuwa wakiziuza siku ile kwa ajili ya paa la kanisa.

Saa mbili usiku vituo vilipofungwa, karani wa kata alisoma hesabu kwa sauti mbele ya watu sita na mbwa mmoja. Hruska wa wekundu, themanini na mbili. Wa wabluu, arobaini na nne. Jadot, kumi na moja. Norbert alivua kofia, akacheka.

"Kumi na moja! Timu kamili hiyo. Kesho tunaingia uwanjani."

Watu wakacheka naye. Ardelle alikuwa akifuta meza. Aliifuta meza ileile mara tatu.

Walikuwa wameoana miaka arobaini na miwili. Mungu hakuwajalia mtoto. Aliwajalia ng'ombe hamsini na wawili, na Norbert aliwakamua asubuhi na jioni kwa miaka thelathini na minane mpaka magoti yakagoma, ndipo akawauza. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, mrefu, mabega yameinama kidogo kama mlango uliolegea bawaba. Hakuwahi kuwa mwanasiasa. Kilichomwingiza huko ni maji.

Udongo wa Saint-Odile ni mwembamba, umelala juu ya mwamba wenye nyufa kama blanketi fupi juu ya mtu mrefu. Unachomwaga juu Jumatatu, Alhamisi utakinywa. Zamani haikuwa taabu, maana kila mtu alikuwa na ng'ombe wachache na samadi yake aliijua. Kisha pale mlimani likaja zizi la ng'ombe elfu nne. Bwawa lao la samadi likijaa katikati ya majira ya baridi, waliimwaga mashambani juu ya theluji, magari na magari. Mwezi Machi theluji iliyeyuka, na asubuhi moja Ardelle alifungua bomba la jikoni akitaka kupika kahawa. Maji yakatoka rangi ya kahawa tayari, na harufu ambayo hakuna mke wa mfugaji asiyeijua.

Norbert aliandika barua kwa Dale Hruska, mbunge wao. Akajibiwa kwamba jambo hilo limepelekwa kamatini. Alimwandikia mtu wa wabluu aliyeshindana na Hruska, mtu huyo akaja na mpiga picha, akashika chupa ya maji machafu, akatabasamu vibaya, akaondoka. Mwaka wabluu walipolishika bunge la jimbo, muswada wa kuzuia samadi ile ulilala kamatini. Wekundu walipolirudisha mikononi mwao, ukalala kamati ileile, labda hata droo ileile. Norbert na mkewe wakawa wananunua maji ya madumu kama watu wa jangwani, nao wanaishi maili mbili kutoka ziwa lisilo na ng'ambo.

Ndipo Norbert akasema atasimama mwenyewe.

Aliyepinga kwa sauti alikuwa Rosella, dada yake Ardelle. Rosella alimzidi Ardelle miaka tisa, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsuka nywele, akamfundisha kusoma kabla ya shule. Baadaye alifundisha shule ya msingi ya Saint-Odile miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akawa nguzo ya wabluu katika eneo lile: yeye ndiye wa kugonga milango, kupiga simu, kubeba viti. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Shemeji, nasikia umekuwa mheshimiwa."

"Bado, dada. Nakungoja wewe unipigie."

"Nikupigie kura au nikupige makofi?"

"Anza na kura. Makofi utanipiga nikishindwa."

"Basi andaa mashavu." Rosella akasogeza kikombe. "Norbert, nakuheshimu, lakini kura yako ni ya kutupa jalalani. Hruska anataka nini? Anataka watu wenye akili kama wewe mgawanye kura za upande wetu, yeye apite katikati kama kicheche bandani mwa kuku."

"Kabla sijasimama mimi, amepita mara ngapi?"

Rosella akakivuta kikombe tena.

"Mara tano," Norbert alisema. "Na mara mbili kati ya hizo nyinyi hamkuweka mtu. Karatasi nzima, jina moja! Nikasimama pale na kalamu kama mtu aliyeletewa menyu yenye chakula kimoja. Siku zile kura yangu mliitaka kwa kazi gani?"

"Tulikosa mgombea."

"Basi nimepatikana. Kumbe kosa langu nini?"

Ardelle alicheka, akaficha mdomo kwa kitambaa.

"Urais sisemi," Norbert akaendelea, na mzaha ulikuwa umepungua. "Huko mtu ana haki ya kuogopa, atachagua lililo nafuu, sitamlaumu. Lakini huku jimboni, dada? Hapa ndipo panapoamuliwa nani amwage nini, wapi, mwezi gani. Nani anatuangalia? Hakuna. Hao wawili wanajua kwamba wewe utampigia wenu ukimwogopa wao, na jirani atampigia wao akimwogopa wenu. Maji hakuna anayeyauliza. Ukinunua mbwa mbaya kila mwaka kwa kuogopa mbwa mbaya zaidi, dada, utazeeka umezungukwa na mbwa wabaya, na kila mmoja anadhani unampenda."

"Na shule?" Rosella akasema polepole. "Hruska na wenzake wakikata tena fedha, shule ya hapa inafungwa. Watoto wa darasa la kwanza watapanda basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, gizani. Hiyo nayo ni mbwa gani?"

Hapo Norbert alizungusha kijiko kikombeni.

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyombaki Ardelle kichwani. Tangu utotoni alizoea kwamba dada akisema mvua itanyesha, unaanua nguo. Ndiyo maana siku ile kituturini alifanya alivyofanya. Miaka miwili baadaye Norbert aligombea tena, na Ardelle akafanya vilevile. Safari ile Norbert alipata kumi na saba katika kata, na mia sita na kitu katika eneo zima. Hruska akashinda, kama alivyoshinda mara ya kwanza. Usiku ule wakiwa garini Norbert alimshika mkono mkewe akasema, "Tunakua kama mahindi ya Juni, taratibu," na Ardelle akaitikia "Ndiyo," akitazama nje upande wa dirisha lake.

Hakuwahi kumwambia. Na Norbert hakuwahi kuuliza.

Mara ya tatu alikusanya saini zake mwezi wa Aprili na Mei, akizunguka na ubao wenye karatasi, akikaa ngazini kwa watu, akila chochote alichopewa. Safari hii mikutano yake ilikuwa na watu. Visima vingine kumi na vinne vilikuwa vimeharibika, na mama mmoja mdogo wa barabara ya kaskazini alisimama ukumbini akasema alimwogesha mtoto mchanga kwa maji ambayo asingempa ng'ombe. Wabluu nao walikuwa wameweka mtu mpya, Kirsten Voelker, mwanasheria wa miaka thelathini na minne, mwenye adabu na haraka. Mwaka huu, watu walisema, Hruska anaweza kuanguka.

Agosti Norbert alianza kuvimba miguu. Septemba, siku ya kermis, ile sherehe ya mavuno, alicheza muziki mmoja tu na mkewe kisha akaomba kiti, yeye ambaye kila mwaka walikuwa wakimtoa uwanjani kwa nguvu. Daktari alisema moyo umechoka, umekuwa kama pampu ya zamani inayovuta lakini haipandishi. Oktoba ilipoingia, walikuwa wamemshushia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ili aone barabara.

Mchana mmoja jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye blanketi. Ardelle alikuwa akimnyoa. Alikuwa amemaliza shavu moja Norbert alipofumbua macho.

"Gervase Delwiche," akasema.

"Anakuja?"

"Hapana, nahesabu. Mimi, Gervase, wale Moreau wawili. Yule dada wa posta. Padri, ingawa atakataa ukimwuliza. Mzee Charlier na wanawe wawili, hao tisa. Mwalimu wa muziki. Na yule kijana wa karakana aliyeniambia alijaza kwa sababu jina langu lilimchekesha." Akapumua. "Kumi na mmoja. Kila mmoja alinishika mkono wiki ile akaniambia."

Wembe ulisimama hewani.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniuliza, Norbert?"

"Ningekuuliza nini? Nilikuwa nikizunguka huko nikiwaambia watu wapige wanachokiamini, wasiogope mtu. Halafu nirudi nyumbani nimbane mke wangu? Kura ya kuombwa mezani na mume si kura, ni sahani ya pili. Unaipokea kwa adabu tu."

"Nilimwogopa Hruska. Nilifikiria shule."

"Najua. Si sababu mbaya."

"Ilikuuma?"

Norbert aliangalia barabarani. "Ile ya kwanza iliniuma wiki nzima, sikufichi. Nikikamata kikombe, naikumbuka."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa nimezoea."

Neno lile, nimezoea, lilimwingia Ardelle kuliko tusi lolote ambalo angeweza kutukanwa. Aliweka wembe ndani ya bakuli, akaegemeza paji la uso kwenye blanketi, akalia bila sauti, naye Norbert akampapasa nywele kwa mkono uliokuwa umevimba, povu likikauka kwenye shavu la pili.

"Safari hii nitakupigia," Ardelle akasema baadaye.

"Usinipigie kwa sababu naumwa."

"Basi kwa sababu gani?"

"Itafute mwenyewe. Ukiikosa, mpigie Kirsten, si msichana mbaya." Kisha akaguna. "Malizia hilo shavu basi, mke wangu, nisiende kwa Mungu kama kondoo aliyenyolewa nusu."

Alikwenda Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya adhuhuri, Ardelle akiwa ameenda tu kuleta barua sandukuni. Aliporudi na barua mkononi alikuta uso umetulia, umegeukia dirisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa kufika uchaguzi.

Walimzika Jumatatu. Wanaume wa zimamoto walipika buya, ile supu nzito ya kuku na nyama na mboga, kwenye sufuria kubwa nyuma ya kanisa, kama apikiwavyo kila mtu wa Saint-Odile, na watu wakala wamesimama kwenye upepo. Rosella hakumwachia mdogo wake mkono siku nzima. Alilala naye siku nne, akampikia, akamlazimisha kula. Ardelle aliona kwamba kama si dada yake, angelala kitandani pale sebuleni asiamke.

Siku ya tano Rosella alikuja na Kirsten Voelker.

Kirsten alitoa pole kwa maneno mazuri, na Ardelle aliamini kwamba ni ya kweli. Kisha Rosella akasogeza kiti.

"Mdogo wangu, karatasi zilishachapwa. Jina la Norbert lingalipo."

"Najua."

"Watu watalipigia kwa huruma. Mia kadhaa, pengine zaidi. Na safari hii kati ya Kirsten na Hruska ni nywele tu." Akatoa karatasi iliyokunjwa. "Nimekuandikia barua fupi ya gazetini. Unawashukuru watu, halafu unawaomba wale waliompenda Norbert wampe Kirsten kura zao. Wewe tu ndiye wanayeweza kukusikiliza. Tia saini hapa."

Ardelle aliisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, maana dada yake alijua kuandika. Akaiweka mezani, akamgeukia Kirsten.

"Ukienda bungeni Madison, utazuia samadi isimwagwe juu ya theluji?"

Kirsten alifungua mdomo, akaufunga, akaanza upya. "Mama Jadot, sitaki kukudanganya wakati kama huu. Nikisema nitazuia kabisa, wenye ng'ombe wakubwa watanimaliza kabla sijaapishwa, na wenzangu chamani hawatanifuata. Nitaanza kwa kuomba kamati ichunguze."

"Norbert aliziandikia kamati mbili."

"Najua. Lakini ndiyo njia iliyopo."

"Asante kwa kusema kweli," Ardelle akasema, na hakuwa akimkejeli. Akaisukuma barua kurudi upande wa dada yake, taratibu. "Sitaweza, dada."

"Ardelle." Sauti ya Rosella ilikuwa ile ya darasani. "Marehemu hawezi kwenda Madison."

"Najua alipo. Mimi ndiye niliyemvalisha."

Rosella aliinuka. Alikuwa na machozi, na hasira, na hakujua ashike lipi. "Mimi pia nilimpenda. Lakini hii si mapenzi, hii ni ukaidi. Watoto wale wa shule hawana mtu mwingine!" Akachukua koti. Kirsten alibaki nyuma kidogo mlangoni, kana kwamba anataka kusema neno, kisha akamfuata.

Ardelle alikaa siku zile zilizobaki akiitafuta sababu, kama alivyoambiwa. Hakutaka iwe huruma, wala iwe kulipia dhambi yake ya mara mbili, ingawa alijua hiyo nayo ilikuwamo, huwezi kuitoa kama mfupa wa samaki. Alikuwa akitembea zizini, kwenye nafasi tupu za ng'ombe, akifikiri. Alichokipata hatimaye kilikuwa kidogo na hakikumfurahisha. Mara mbili alipiga kura kwa woga, na mara zote mbili alichokiogopa kilikuja vilevile. Hruska alishinda. Fedha za shule zilikatwa. Woga wake haukuzuia chochote. Ulichofanya ni kuwaambia wakubwa wa pande zote mbili kwamba mwanamke mmoja wa Saint-Odile ameridhika na maji yake.

Siku ya kura theluji ya kwanza ilikuwa ikipeperuka. Alivaa koti jeusi, akapanga foleni. Watu walimpisha, akakataa kupishwa. Kituturini alilitazama jina, Norbert J. Jadot, herufi ndogo kama za wengine wote, na ilimjia kwamba hilo lingekuwa swali la mwisho kuulizwa juu ya Norbert popote, na kwamba yeye, aliye hai, ndiye wa kulijibu. Alijaza duara polepole, asitoke nje ya mstari. Hakupata nafuu aliyoitarajia. Alitoka, akakuta Gervase Delwiche kwenye ngazi, kofia mkononi.

Katika kata, Norbert alipata sitini na tatu. Katika eneo zima, asubuhi ya pili redio ilisema, mtu aliyelala kaburini amepata kura elfu moja mia mbili na nne. Dale Hruska alikuwa amemshinda Kirsten Voelker kwa kura themanini na saba.

Simu ililia kabla redio haijamaliza.

"Themanini na saba," Rosella akasema. "Umeshiba?"

"Dada..."

"Thelathini na moja, Ardelle. Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa hapa kusoma. Ungetia saini tu. Jina lako tu." Akakata.

Januari Hruska alikuja mwenyewe. Aligonga miguu kutoa theluji, akaketi kiti cha Norbert bila kujua ni cha nani, na Ardelle hakumwambia. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyezoea kupendwa.

"Mama Jadot, sikuja kwa wema, nisikuchezee akili," akasema. "Nimekaa miaka kumi na minne. Watu elfu moja na mia mbili wa eneo langu wamempigia marehemu, Mungu amrehemu, wakijua kabisa amekufa. Najiuliza, wakimpata mtu hai itakuwaje? Watu themanini na saba walionipa ushindi wanatosha kwenye mabasi mawili."

Ardelle alimwekea bilauri ya maji ya bombani. Hruska aliitazama, akaisogeza kando kwa kidole.

"Nimesoma tena barua za mumeo. Nitapeleka bungeni kile kifungu alichokitaka, cha kuzuia samadi juu ya theluji."

Na kweli alikipeleka. Kilikatwakatwa njiani: kikabaki kwenye miteremko iliyo karibu na visima, kwenye udongo mwembamba tu, na kingeanza baada ya miaka miwili. Lakini kilipita, wekundu na wabluu wakiinua mikono pamoja, kila upande ukidai ulikuwa wa kwanza kukifikiria. Jina la Norbert halikuwamo popote. Majirani walikuja kumpa Ardelle mkono. Gervase alilia waziwazi, mzee wa miaka themanini. Ardelle alikwenda makaburini akamweleza mumewe habari yote, pamoja na miaka ile miwili ya kungoja, asije akamwona anamdanganya.

Wiki tatu baadaye, kwa mkono uleule, Hruska aliipigia kura ya ndiyo bajeti iliyokata tena fedha za shule. Shule ya Saint-Odile ikafungwa.

Juni walinadi vitu vya shule uwanjani. Madawati madogo yalipangwa kwenye nyasi kama kundi lililopotea, na watu wazima walizunguka wakikalia viti vilivyowafika magotini. Ardelle hakwenda kununua. Alimkuta Rosella nyuma, amenunua meza yake mwenyewe ya ualimu, akijaribu kuiingiza kwenye gari peke yake. Alikuwa amekonda. Ardelle alishika upande wa pili bila kuuliza, wakainyanyua. Ilikuwa nzito, mti mgumu wa zamani. Walipumzika mara mbili kabla haijaingia.

Rosella aliegemea gari, akipumua.

"Ungejua itakuwa hivi, ungefanya ulivyofanya?"

Ardelle alijua jibu gani lingemrudishia dada yake. Lilikuwa jepesi, lilikuwa mlangoni mwa mdomo.

"Ndiyo," akasema.

"Hata shule?"

"Hata shule, dada. Na ningelia hivi ninavyolia."

Rosella alitikisa kichwa, akamfuta mdogo wake shavu kwa kidole gumba, haraka, kama anayemfuta mtoto masizi. Kisha akarudisha mkono.

"Siwezi kukusamehe. Si mwaka huu. Usinipigie simu, nitapiga mimi."

"Sawa."

Simu haikulia Julai, wala Agosti. Msimu wa kermis ulipofika, Ardelle alimwona upande wa pili wa hema, amejifunga kitambaa kichwani, akipakua buya kwa foleni ndefu. Akamnyanyulia mkono. Rosella aliuona mkono ule, hilo Ardelle alilijua kwa hakika, maana upawa ulisimama kidogo juu ya bakuli la mtu. Kisha ukamimina, na mtu mwingine akasogea mbele.